Juri kuu haihukumu mtu: niliyoyaona nikiwa mmoja wa wale 12

Mleta mada, umeuliza hivi: habari ikisema juri kuu (raia 12 wanaoamua kama mtu ashtakiwe) ya Texas, Marekani, "imemfungulia fulani mashtaka ya mauaji", ndiyo ameshakutwa na hatia? Na mbona mwenyewe hakuitwa kujitetea? La kwanza jibu ni hapana. La pili ndilo linalonisumbua hadi leo.

Nimekaa kwenye hiyo juri. Barua ilinikuta sijamaliza hata miaka miwili tangu niapishwe uraia. Miezi mitatu, siku mbili kila wiki, bosi kanuna. Kesi zenyewe sitazigusa, wala nani alipiga kura gani; tulikula kiapo cha siri na si kiapo cha mchezo. Ila utaratibu hauna siri, uko kwenye sheria.

Kwanza, mle ndani hakuna jaji. Jaji alituapisha, akamteua mwenyekiti wetu, akaenda zake. Usifikirie kizimba na majoho. Ni chumba kama cha semina: meza ndefu, viti vya magurudumu, birika la kahawa, na boksi la tishu ambalo siku ya kwanza sikuelewa limewekwa la nini. Mwendesha mashtaka anaingia na rundo la mafaili, anataja kifungu, anaeleza polisi wamepata nini. Mtuhumiwa hayupo. Wakili wake haruhusiwi kukanyaga. New York mtuhumiwa ana haki ya kuomba aje aseme ya kwake. Texas hana, ingawa wakili anaweza kumpelekea mwendesha mashtaka vielelezo na kumwomba atuonyeshe. Tena askari mmoja anaweza kuja kusimulia walichomwambia mashahidi watano, ikatosha.

Halafu mwendesha mashtaka anatoka, mlango unafungwa, mnabaki raia watupu. Swali si "ameua?" Swali ni kama ipo sababu ya kutosha kuamini kosa limetendeka na huyu ndiye aliyelitenda. Zikipatikana kura 9 kati ya 12, mwenyekiti anasaini hati ya mashtaka. Kwenye mahakama za serikali kuu ya Marekani wanakaa 16 hadi 23, na kura zinazotakiwa ni 12.

Mdau hapo juu kasema juri ni muhuri tu wa mwendesha mashtaka. Kwenye mafaili madogo hayuko mbali na ukweli. Dawa za kulevya, gari la wizi: dakika chache, mikono juu, lete lingine. Sol Wachtler, aliyekuwa jaji mkuu wa New York, alisema mwaka 1985 kwamba mwendesha mashtaka akitaka, juri kuu itaishtaki hata sandwichi. Watu walicheka, lakini ukikaa kwenye kile kiti saa tisa alasiri, umechoka, hucheki.

Mauaji ni habari nyingine. Hapo mpelelezi mwenyewe huja, picha za maiti hupita mezani (ndipo nikaelewa zile tishu), na unagundua kwamba kazi yenu kubwa ni kuamua jina la kosa. Chukua mfano wa kutunga: ugomvi wa maegesho, mtu kafyatua risasi, mwenzake kafa. Akiwa alikusudia, ni mauaji, miaka 5 hadi 99 au maisha. Akiwa aliijua hatari akaipuuza, miaka 2 hadi 20. Akiwa ni uzembe tu, adhabu inapungua zaidi. Na kama alikuwa anajitetea, pengine hakuna kosa. Risasi ni ileile na maiti ni ileile. Kwa hiyo unauliza: walikuwa umbali gani? Nani alishuka kwanza kwenye gari? Sheria inaturuhusu kuwahoji mashahidi na kuomba wengine waitwe. Juri inayonyamaza ndiyo inayogeuka muhuri, na kunyamaza ni rahisi mno mbele ya mtu mwenye tai anayeijua sheria kuliko wewe.

Kwa waliozoea ya Bongo: kwetu anayeamua kushtaki ni DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), na kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, mnasikia "upelelezi haujakamilika" mpaka siku inapopelekwa Mahakama Kuu. Texas, mtu aliye rumande kwa kosa kubwa, upande wa mashtaka usipokuwa tayari ndani ya siku 90, sharti apunguziwe dhamana au aachiwe kwa kujidhamini. Hilo nawasifu. Lile la kumjadili mtu akiwa hayupo, bado silimezi.

Na kura zisipofika 9? Mtuhumiwa asifanye sherehe mapema. Haijaandikwa popote kwamba hana hatia. Mwendesha mashtaka anaweza kurudi na ushahidi mpya mbele ya juri nyingine, na kwa mauaji Texas haina ukomo wa muda wa kushtaki.

Huyo unayemfuatilia, utetezi wake utasikika kwenye kesi yenyewe: raia 12 wengine, jaji yupo, wakili wake yupo, na safari hiyo 9 hawatoshi, ni wote 12.