Chaja ya kasi kila kituo si lazima

Je, basi la umeme la mjini linahitaji chaja ya kasi kila kituo? Hapana, halihitaji. Anza na kilomita za siku. Basi la mita 12 hula takriban kilowati-saa 1 hadi 1.5 kwa kilomita, kwa hiyo likitembea kilomita 200 linataka kama kilowati-saa 250 hivi. Betri ya kilowati-saa 350 inaimaliza siku na akiba inabaki, kisha usiku linachajiwa depo, yaani mahali mabasi yanapolala, kwa chaja ya kilowati 60 tu. Jiji la Shenzhen, China, lilikamilisha kugeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme mwaka 2017, na mengi huchajiwa usiku depo.

Chaja ya kasi, kilowati 300 na kuendelea, iwekeni mwisho wa njia ambayo basi halipumziki mchana wala usiku.

Ila tafadhali msipige hesabu kwa siku ya kawaida. Pigeni kwa siku ya joto au baridi kali, maana kiyoyozi na hita hula sana, tena kwa betri iliyokwisha kuchoka kwa umri. Na mabasi 50 yakichomekwa pamoja ni megawati 3, mzigo mkubwa kwa umeme wa depo, kwa hiyo yachajiwe kwa zamu.