Lini Uachane na Printa ya Wino Iliyozeeka

Wanaoanza kazi ya kuchapisha picha huuliza printa ya wino hudumu miaka mingapi, lakini umri peke yake hauamui jambo. Printa inayochapa kila siku yaweza kuwa na hali nzuri kuliko mpya iliyokaa miezi kadhaa bila kuguswa, kwa kuwa wino hukauka katika matundu ya kichwa cha kuchapia, ambayo ni membamba kuliko unywele.

Kinachoamua zaidi ni wino unaopotea. Kila unapoiamuru printa isafishe kichwa, hufyonza wino wa katriji na kuumwaga katika tangi la wino taka, bila wewe kupata hata picha moja ya kuuza. Kwa hiyo weka daftari kando ya mashine, na kila unapochapa karatasi ya majaribio (yenye mistari ya kila rangi, ambayo hukatika pale tundu lisipotoa wino) andika tarehe, rangi yenye mapengo, na mahali yalipo. Pengo likihamahama, leo kwenye samawati na kesho kwenye manjano, mara nyingi kosa ni hewa iliyoingia njia ya wino au mpira unaofunika kichwa kuchafuka, mambo ambayo hayagharimu sana. Likibaki palepale baada ya kusafisha mara mbili tatu, acha kusafisha, kwani huenda tundu hilo limekufa na unachofanya ni kumwaga fedha.

Hapo angalia aina ya kichwa. Printa nyingi za kitaalamu za Canon hutumia joto kurusha wino, na kichwa chake mtumiaji anaweza kukibadilisha mwenyewe. Za Epson hutumia piezo, yaani vipande vidogo vinavyojikunja kwa umeme na kusukuma wino, na kichwa chake kimekusudiwa kudumu na mashine, hivyo kukibadilisha ni kazi ya fundi, na kwa printa ndogo gharama yaweza kukaribia bei ya printa nyingine.

Kabla ya kulipia matengenezo makubwa, hakikisha kwamba mtengenezaji bado anatoa katriji, vipuri, na programu ya kuiendesha kwenye kompyuta za sasa. Kama ameacha, usitengeneze, hata ukiwa umeizoea kiasi gani (na tunazizoea mno). Nunua mpya wakati ya zamani ingali inachapa, ili uchape picha ileile kwenye zote mbili, uzilinganishe chini ya taa moja, na uandae profaili za rangi (mafaili yanayoiongoza printa itoe rangi sahihi) za kila karatasi unayotumia kabla hujapokea kazi ya mteja mwenye haraka.