Dada, usitume hiyo hela: kibloku kwanza, dawa baadaye

Usitume. Salamu utanidai. Umeandika mwanao wa miaka 6 katolewa uvimbe nyuma ya kichwa, kimebaki kipande, na kuna "mtaalamu" anataka milioni 9 akuletee vidonge vya kulenga jeni kutoka nje. Ukauliza mambo manne: dawa inafaa, atakunywa muda gani, ale nini, na Dar mtafikia wapi. Mimi nimeona moja tu ambalo hukuliandika: ile nyama iliyotolewa imepimwa jeni?

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani barabara ya 12, hapa Tanga. Binti yangu alipopasuliwa, majibu yalisema astrositoma ya pailositiki, daraja la 1, yaani uvimbe wa ubongo unaokua polepole. Nikakutana na mtu wa aina ya huyo wako, picha yake kavaa koti jeupe na stetoskopu shingoni (siku hizi hata mimi naweza kulikodi). Akasema uvimbe huu kwa kawaida ni wa kasoro ya jeni iitwayo BRAF, dawa ya BRAF ni dabrafenibu, kazi kwisha. Uongo mtupu ningeushtukia. Huu ulikuwa na nusu ya kweli ndani yake, ndiyo maana nikauza eka 2 za michungwa ya marehemu baba kule Muheza. Hakuna aliyenitajia V600E, aina moja tu ya kasoro hiyo, na hata angenitajia ningedhani ni namba ya bajaji.

Miezi mitatu tukampa. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe umekua.

Daktari hakunifokea, aliuliza tu, "Nani alipima?" Nikatazama viatu vyangu. Akanieleza kwamba kasoro za BRAF si moja. Kuna V600E, jeni imekosewa mahali padogo, inakuwa kama bomba lililokwama wazi, na dabrafenibu inalifunga. Kuna nyingine ambapo BRAF imeungana na jeni iitwayo KIAA1549, na hiyo ndiyo imezoeleka kwenye uvimbe kama wa binti yangu. Hapo mabomba yanafanya kazi mawili mawili: dawa ile ikiziba moja, la pili linaweza kumwaga zaidi. Kwamba ni dawa iliyoukuza au ungekua wenyewe, daktari hakuapa. Mimi usiku naapa.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jibu lilikuwepo. Nyama ya upasuaji hugandishwa kwenye nta, kinakuwa kibloku kidogo, maabara wanakitunza. Cha binti yangu kilikuwa kabatini muda wote mimi nahesabu hela za michungwa. Kilipopimwa: muungano, si V600E. Akaanzishiwa vinkristini na kaboplatini, dawa za zamani ambazo yule koti jeupe aliziita "za maskini". Uvimbe umesimama. Juzi kamfunga kaka yake mbio za baiskeli, ingawa breki za kaka nilikuwa sijazirekebisha.

Sisemi dawa za kulenga ni utapeli. Machi 2023 Marekani waliidhinisha dabrafenibu pamoja na trametinibu kwa watoto wa kuanzia mwaka 1 wenye glioma (kundi la uvimbe wa ubongo, wa binti yangu umo) ya daraja la chini iliyo na V600E. Aprili 2024 wakaidhinisha tovorafenibu kwa glioma za daraja la chini zilizorudi au zilizokataa tiba, na hiyo inahusu hata ule muungano. Unaona? Jina ni BRAF lilelile, dawa mbalimbali. Atakayekuuzia bila karatasi ya kipimo anakisia kwa kichwa cha mwanao. Na muulize daktari wake kama hicho kipande kilichobaki kinahitaji dawa kabisa, maana vingine huangaliwa tu kwa MRI.

Kesho asubuhi nenda hospitali alikopasuliwa, uliza namba ya kibloku, iandike. Ya binti yangu naijua kwa kichwa kuliko namba yangu ya simu. Koti jeupe akikwambia bei inapanda Ijumaa, nami niliambiwa Ijumaa.

Ulikuwa umeuliza na pa kufikia Dar, sivyo? Ngoja, kuna mtu kaleta pancha.