Muuguzi mpya: zahanati ya Kondele au wadi ya hospitali ya kaunti?

Salamu, dada. Umesema leseni umeipata mwezi huu na huwezi kuamua kati ya zahanati ya kibinafsi ya Kondele, mtaa wa Kisumu, inayolipa vizuri zaidi, na mkataba wa miezi sita katika wadi ya wazazi ya hospitali ya kaunti.

Kabla ya mshahara, uliza utakuwa na nani zamu ya usiku. Mimi nilianza katika zahanati ndogo Nakuru, na wiki ya pili nikaachwa peke yangu na mama aliyevuja damu baada ya kujifungua. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikome, ilikuwa ndani ya friji, ila ufunguo alikuwa nao mwenye zahanati, nyumbani kwake, nami nikaukanda mji wa mimba kwa mkono mmoja huku nikimpigia simu kwa mwingine. Mama alipona, lakini mimi nilihama mwezi uliofuata.

Ningekuwa wewe, ningechukua wadi, ingawa mishahara ya kaunti huweza kuchelewa (weka akiba ya kodi ya nyumba). Kwanza omba kuhudhuria makabidhiano ya zamu mara moja, uone kama wauguzi wazoefu wanawaelekeza wageni au wanawakaripia. Ukiamua zahanati, dai mkataba wa maandishi unaomtaja daktari au afisa wa kliniki wa kuitwa usiku.