Maswali ya Wasomaji: Karatasi ya Kuachishwa Jeshi la Marekani Imeniharibia, Nianzie Wapi?

Barua za safari hii zimetoka Unguja na Pemba, zote kwa watu waliokwenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, wakajiunga na jeshi la huko, na wakatoka na karatasi isiyowaridhisha, au kwa jamaa zao. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Assalaam alaykum. Nilihudumu katika jeshi la nchi kavu la Marekani, nikapelekwa Afghanistan na kurudi 2012. Usingizi ukanikimbia, nikatoroka kambini wiki tatu, kisha nikapimwa mkojo ukakutwa na bangi. Machi 2013 nikaachishwa kwa OTH, yaani chini ya masharti yasiyo ya heshima, nikatia saini kila nilichopewa. Sasa naishi Michenzani. Daktari wa Kidongo Chekundu amenambia nina maradhi ya akili yatokanayo na vita. Naweza kuibadilisha karatasi hii nikiwa huku huku Unguja?

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Unaweza, na huhitaji kupanda ndege.

Anza na kalenda. Kila tawi la jeshi la Marekani lina Bodi ya Kupitia Kuachishwa, maarufu kwa herufi DRB, inayopokea maombi ndani ya miaka 15 tangu siku uliyoachishwa. Muda wako unakwisha Machi 2028. Fomu yake ni DD 293 na haina ada. Ukipitwa na tarehe hiyo unabaki na Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, fomu DD 149, ambayo kisheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa au dhulma. Wanaweza kusamehe kuchelewa kwa maslahi ya haki, lakini hapo unakuwa na kesi mbili: kwanza ueleze kwa nini umechelewa, kisha ndiyo ueleze shida yenyewe.

DRB hukupa chaguo mbili, wapitie makaratasi tu au wakusikilize mwenyewe. Omba makaratasi kwanza. Wakikataa, bado una haki ya kuomba kusikilizwa, ilimradi miaka 15 haijakwisha. Ukianza na kusikilizwa, ile nafasi ya makaratasi umeipoteza. Ndiyo maana tunakuambia usingoje 2028: ukileta ombi mwezi wa mwisho, utapata nafasi moja badala ya mbili.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, pata faili lako. Utaliomba katika kituo cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, kwa fomu SF 180, bila malipo kwa askari mwenyewe. Taja vitu vitatu kwa majina: kumbukumbu za utumishi, kumbukumbu za matibabu, na faili la kuachishwa. Usiridhike na DD 214, yaani karatasi yenyewe ya kuachishwa, peke yake. Na hata hiyo DD 214, hakikisha ni ile nakala ndefu iitwayo Member 4. Nakala fupi haina visanduku vya chini, na kesi yako yote imo humo: kisanduku 24 kinataja aina ya kuachishwa, 26 kina herufi za siri za sababu, 27 kinasema kama unaweza kurudi jeshini, na 28 kinaandika sababu kwa maneno. Katika ombi lako taja kila kisanduku unachotaka kibadilishwe. Wako walioomba kisanduku 24 tu, wakapata, kisha kisanduku 28 kikaendelea kusema "dawa za kulevya" kwa kila mwajiri anayekisoma.

Kosa kubwa la waombaji ni kutuma DD 293 kabla faili la kuachishwa halijafika. Wanabishana na karatasi ambazo hawajaziona.

Likifika, litazame hivi. Kwa makosa kama yako jeshi la nchi kavu hutumia Sura ya 14 ya kanuni iitwayo AR 635-200. Anayetishiwa OTH chini ya sura hiyo ana haki ya kupelekwa mbele ya bodi ya maofisa na kuwa na wakili. Unasema ulitia saini kila kitu, basi humo utaikuta karatasi ya kuiacha haki hiyo. Je, saini ya wakili imo? Tarehe zinafuatana, au uliarifiwa na kutia saini siku moja? Jambo la pili ni zito zaidi. Tangu 2009 sheria ya Marekani inataka askari aliyepelekwa vitani ndani ya miezi 24 iliyotangulia, na mwenye dalili za maradhi ya akili yatokanayo na vita au za jeraha la ubongo, apimwe na daktari kabla ya kuachishwa kwa OTH. Wewe ulirudi 2012 na kuachishwa Machi 2013, umo ndani ya muda. Kama uliwahi kumwambia mganga wa kambi kwamba hulali, na kipimo hicho hakimo kwenye faili, hilo ni kosa la jeshi wenyewe na liwe la kwanza katika maelezo yako.

Sasa maradhi. Tangu waraka wa Waziri wa Ulinzi Hagel wa 2014, ulioongezewa nguvu na waraka wa Kurta, ofisa wa wizara hiyo, wa Agosti 2017, bodi zinatakiwa kuwaangalia kwa jicho la huruma watu wenye maradhi ya akili, majeraha ya ubongo, au waliodhalilishwa kijinsia jeshini. Wanajiuliza maswali manne: ulikuwa na hali hiyo? Ilikuwapo au ilitokea ukiwa jeshini? Inaeleza au kupunguza uzito wa kosa? Na je, inashinda uzito wa kosa lenyewe?

Wengi hujibu la kwanza na la pili, kisha wakaanguka kwenye la tatu. Barua ya daktari inayosema "mgonjwa anatibiwa hapa" haikufikishi popote. Kaa na daktari wako na umuombe aandike mambo manne: jina la maradhi, lini dalili zilianza na anajuaje, namna maradhi hayo yanavyomfanya mtu akimbie na atafute kitu cha kumtuliza, na kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu kutoroka kwako na bangi vilitokana nayo. Kesi yako ina bahati hapa, maana kukimbia na kujituliza ni tabia zinazojulikana za maradhi hayo. Angekuwa mtu ameghushi hundi kwa miezi sita, tungemwambia wazi kwamba kiungo hicho kitamuwia kigumu. Eleza pia katika fomu kwamba ulipelekwa vitani na una uthibitisho wa daktari, kwa sababu sheria inataka katika kesi kama hiyo awemo mtaalamu wa afya ya akili miongoni mwa wanaoamua.

Hutakiwi kuwa ulipimwa ukiwa jeshini. Maelezo yako mwenyewe nayo ni ushahidi. Yaandike kurasa mbili au tatu: ulivyokuwa kabla ya Afghanistan, yaliyotokea kule, ulivyobadilika, kosa, na maisha tangu hapo. Kosa ulilolifanya likiri. Wanalo kwenye faili, na mtu anayekana kilichopimwa maabara haaminiwi hata katika yale ya kweli.

Mashahidi bora ni askari wa kikosi chako waliokuona kabla na baada, kisha mkeo au ndugu uliyekuwa ukimpigia simu usiku. Barua ya sheha, hati ya tabia njema ya Polisi na barua ya mwajiri zinaonyesha ulivyoishi tangu hapo, nazo zina uzito kutokana na waraka mwingine wa Julai 2018 unaohusu msamaha na haki. Lakini barua kumi zinazosema "ni mtu wa swala tano" hazilingani na moja ya mtu aliyekuona ukiruka kila mlango ulipogongwa. Barua ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri atie saini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Huhitaji kulipia kiapo kwa wakili: kwa maelezo yanayotiwa saini nje ya Marekani inatosha kuandika mwishoni kwamba unatamka hayo ni kweli, ukijua adhabu ya kusema uongo *chini ya sheria za Marekani*, kisha tarehe na saini. Maneno ya sheria za Marekani yasikosekane. Walio ndani ya nchi ile wanaweza kuyaacha, wewe huwezi.

Ukifika hatua ya kusikilizwa, omba iwe kwa simu au video. Saa tatu asubuhi ya Washington ni saa kumi alasiri Zanzibar wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. Ukikosa kutokea bila sababu ya maana haki hiyo imekwenda, kwa hiyo kuwa na simu ya pili iliyojaa chaji na laini ya kampuni nyengine.

Khofu ya kwamba watakuongezea adhabu iondoe. DRB haina uwezo wa kuishusha karatasi yako chini ya ilipo.

Mwanangu alikuwa katika jeshi la majini miaka mitatu, sasa yuko Norfolk. Karatasi yake si mbaya sana, imeandikwa "General" kwa makosa madogo madogo, lakini wamemnyima pesa za kusomea. Yeye ameshakata tamaa. Naweza kumwombea mimi? — Mama, Wete

Mama yetu, kumwombea dua unaweza. Kuijaza fomu kwa niaba yake huwezi, madhali yu hai na ana akili zake. Jamaa huruhusiwa pale tu askari anapokuwa amefariki au hajiwezi kiakili. Fomu atie saini mwenyewe.

Kwa karatasi ya "General", ambayo imo chini ya masharti ya heshima lakini si heshima kamili, kijana anaweza kupata matibabu ya Idara ya Maveterani na fidia ya maradhi aliyoyapata kazini. Pesa za skuli za mpango wa baada ya 9/11 ndizo zinazotaka karatasi ya heshima kamili. Kwa hiyo hoja yake isiwe "nataka kusoma". Bodi hupima mambo mawili: je, utaratibu ulifuatwa, na je, ilikuwa haki? Kukosa pesa za masomo hakumo katika hayo, na ombi lililosimama juu yake hukataliwa kwa mistari miwili.

Mwambie atafute kwenye faili karatasi waiitayo ukurasa wa 13. Kwa makosa madogo, jeshi la majini linatakiwa kwanza kumpa askari onyo la maandishi na nafasi ya kujirekebisha. Akiachishwa bila onyo hilo, au kwa makosa yaliyotangulia onyo tu, utaratibu ulivunjwa. Kama onyo lipo na alikosea tena, basi ategemee upande wa haki: alama zake za utendaji, nishani, na umri aliokuwa nao.

Mtu mmoja amenambia karatasi hubadilika yenyewe baada ya miezi sita, na kwamba kwa dola 800 ataniharakishia. Ni kweli? — Msomaji, Mkoani

Si kweli, yote mawili. Hakuna karatasi inayojibadilisha, iwe baada ya miezi sita au miaka sita. Kuomba ni bure, na vyama vya maveterani kama American Legion na Disabled American Veterans husaidia waombaji bila malipo. Wakili wa kweli anaweza kukutoza, naam, lakini atakupa mkataba na hatakuahidi tarehe. Mtu akikuomba nakala ya DD 214 pamoja na fedha, ujue karatasi hiyo ina nambari yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani.

DRB ya majini wamenikatalia mara mbili, makaratasi na kusikilizwa. Nilikuwa Marine, kikosi kilicho chini ya idara ya jeshi la majini, na nilipewa uraia kupitia jeshi kabla ya kuachishwa kwa OTH mwaka wangu wa tatu. Nimesikia wanaweza kuuchukua. Nifanye nini? — Msomaji, Chake Chake

Bodi inayofuata ni ile ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi la majini, ambayo huhudumia Marine pia, kwa fomu DD 149. Usiwatumie maelezo yale yale. Chukua uamuzi wa DRB, weka namba kwenye kila sababu waliyoitoa, na ujibu moja moja kwa karatasi. Walisema hakuna ushahidi wa maradhi, leta daktari. Walisema rekodi haionyeshi kasoro, onyesha ukurasa. Maamuzi ya bodi hizi huwekwa mtandaoni majina yakiwa yamefutwa. Tafuta yanayofanana na lako yaliyoshinda, uyataje. Sheria inazitaka bodi za kurekebisha zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10 na zisivuke 18, basi jipange kwa mwaka mzima na zaidi. Ukikataliwa huko unaweza kurudi na ushahidi mpya, au kwenda mahakama ya shirikisho ndani ya miaka sita, na huko hapafai bila wakili.

Haya yote ni kwa aliyeachishwa kiutawala. Aliyefukuzwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi haendi DRB kabisa. Huanzia bodi ya kurekebisha, nayo inaweza kumhurumia tu. Hukumu yenyewe haiifuti.

Kuhusu uraia, uliyosikia yapo. Kwa waliopewa uraia kupitia jeshi tangu 24 Novemba 2003, sheria inaruhusu kunyang'anywa ikiwa mtu ameachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Hauondoki wenyewe: lazima serikali ifungue shauri mahakamani na ishinde, na hadi hapo pasi yako ni halali. Karatasi ikipandishwa japo kufikia "General", sababu hiyo inaanguka, kwa kuwa "General" imo chini ya masharti ya heshima. Kwa hiyo ukijaza DD 149, omba heshima kamili, na chini yake uandike kwamba usipokubaliwa hilo unaomba angalau "General". Barua yoyote ya Idara ya Sheria ya Marekani ikikufikia Chake, usiijibu mwenyewe. Mtafute wakili wa uhamiaji wiki hiyo hiyo na umpe na nakala ya ombi lako lililoko kwenye bodi.