Jibu: Mbona watu wanamlaumu Rais Ruto kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya?

Ndugu, umeuliza mbona watu wanamlaumu Rais ilhali mchango wa SHA unaanzia shilingi 300 tu kwa mwezi. Tatizo si hiyo 300. Enzi za NHIF, bima ya zamani iliyotangulia SHA, mama mboga alilipa 500 mwezi kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024, asiye na ajira rasmi anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo! Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 bila kikomo. Zamani mwisho ulikuwa 1,700 kwa mwezi.

Jirani yangu alijikaza akalipa. Mtoto akashikwa na homa usiku, wakafika dirishani hospitalini wakaambiwa mfumo umekwama, watoe pesa taslimu. Mkononi alikuwa na kitambulisho na noti ya mia mbili. Sasa huyo umwambie nini kuhusu afya kwa wote?