Kabla Hujampeleka Mwanao Bweni: Kanisa na Gwaride

Wazazi wanaonipigia simu shule zikikaribia kufunguliwa hawaniulizi sana kuhusu masomo. Wanataka kujua kama kanisa la shule na gwaride vitamnyoosha kijana wao. Mimi nimelala bweni la wavulana hapa hapa Mombasa, nikaimba kwaya ya shule, nikapiga gwaride la skauti, na nilipokuwa mtu mzima nikarudi kusaidia kufundisha skauti wikendi. Jibu langu huwaudhi wengine: havimnyooshi mtu. Nimewaona waliomaliza kidato cha nne wakijua kulala kanisani bila kufumba macho, na wengine waliopiga saluti miaka yote bila kujua wanampigia nani na kwa nini. Anayefaidika ni yule aliyekabidhiwa kazi. Kwa hiyo muhula wa kwanza usiishe kabla kijana hajapata kazi kanisani au uwanjani, hata iwe ya kupanga viti.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo "kadeti" ambayo akina baba hupenda kuitaja. Kenya, mwanafunzi wa sekondari hawi kadeti wa jeshi. Kadeti wa Jeshi la Ulinzi ni mtu mzima anayesomea uofisa kule Lanet, Nakuru. Hapa kwetu bandarini ukisema kadeti, wapo watakaodhani unamsema kijana anayejifunza ubaharia melini. Uingereza ndiko shule nyingi za bweni zina vikosi vya kadeti, vilivyounganishwa 1948 na kusimamiwa na wizara yao ya ulinzi. Sisi tuna skauti, tuna vijana wa Msalaba Mwekundu na wa St John Ambulance, tuna bendi ya shule, na tuna Tuzo ya Rais, mpango wa vijana nitakaoueleza mwishoni. Baadhi ya makanisa yana Boys' Brigade, chama kilichoanzia Glasgow 1883 chenye nembo ya nanga, ambacho tangu mwanzo kilichanganya ibada na gwaride. Usimwahidi mtoto bunduki. Atapewa kamba na filimbi.

Sasa kanisani. Ibada ya shule ya bweni si kama ile ya mtaani ambako mtoto hukaa kando ya mamake na kutoroka kwenda kununua mabuyu. Hapa mnaingia kwa mistari, mnakaa kwa vidato, na joto la Mombasa likichanganyika na usingizi wa vijana walioamka kabla ya jua, mahubiri ya dakika kumi huwa marefu kama barabara ya Garissa. Viti vya nyuma vina serikali yake. Huko ndiko kunauzwa mkate, kunapangwa nani atatoroka, na kunanakiliwa hesabu za Jumatatu. Mtoto mgeni akikaa nyuma Jumapili tatu, basi ndipo kwao.

Kumtoa huko hakuhitaji mawaidha. Mwambie amwendee kasisi au mwalimu wa ibada aseme, "Mwalimu, naomba kazi." Kuna kupiga kengele, kutandaza vitambaa vya meza, kugawa vitabu vya nyimbo, kuendesha vipaza sauti, kupiga kinanda. Kengele ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwa mtoto mchelevu, maana shule nzima inamsubiri yeye. Nikiwafundisha wapiga kengele huwapeleka Kengeleni, kule Kongowea, kuiona kengele ya Frere Town. Kijiji hicho kilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilipigwa kuwaonya hatari ikija. Kijana akiligusa chuma lile huacha kuidharau kazi yake.

Kusoma neno ni kazi nyingine, na hii naipigia debe bila haya. Ni wapi pengine kijana wa miaka kumi na minne atasimama peke yake mbele ya shule nzima, asome kwa sauti, na asizomewe? Asome somo lake jioni ya kuamkia ibada, mara mbili kwa sauti, nje, hewani, si kitandani. Majina magumu ayaulize mapema. Asimame, ahesabu pumzi mbili, ndipo aanze. Atazame ukuta wa nyuma, si nyuso za rafiki zake, kwa sababu kuna rafiki mmoja ambaye kazi yake ni kumchekesha.

Kwaya nayo ina hatari yake. Sauti ya mvulana huvunjika katika umri ule ule anaoingia sekondari, na walimu wengine wa kwaya, kwa uchu wa kushinda tamasha la muziki, humlazimisha aimbe sauti ya juu ambayo hana tena. Akianza kukwaruza koo aombe kuhamia teno au besi. Akikataliwa, akapige ngoma kwa muhula mmoja. Koo haina spea.

Kuna jambo ambalo Mombasa haliwezi kukwepwa: vijana Waislamu katika shule zilizoanzishwa na makanisa. Nimepigiwa simu na mama wa Majengo akilia kwamba mwanawe amepata shule nzuri lakini ina kanisa. Mama, mpeleke, ila uulize kabla ya kulipa karo. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inasema mtu asilazimishwe kufanya tendo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua mchango wa kanisa mfadhili katika malezi ya kiroho, na papo hapo inataka imani za wengine zilindwe. Kwa hiyo usiende ofisini ukiomba hisani, wala usiende na kesi. Nenda na maswali: Ijumaa wanasali wapi na nani anawasindikiza? Ramadhani jikoni hufunguliwa saa ngapi kwa daku? Ibada ya Jumapili ikiendelea, vijana Waislamu wako wapi na wana mwalimu gani? Shule iliyojipanga itakujibu bila kukuna kichwa. Ile inayosema "tutaona" itaona mwezi wa Ramadhani, na mtoto atakula daku ya maji na biskuti.

Na wewe mzazi Mkristo, mfundishe wako kutopiga kelele bwenini wenzake wakisali alfajiri. Tuliolala chumba kimoja na akina Ali na akina Katana tunajua kwamba kuamshana kwa zamu, huyu kwa swala na yule kwa ibada, kuliwafanya watu ndugu kuliko hotuba yoyote ya utangamano.

Gwaride sasa. Pwani hatukufundishwa kulipenda na serikali. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa miji yetu walikuwa wakicheza beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride za kijeshi, yenye vyeo na sare, na Mombasa makundi ya Kingi na Scotchi yalishindana mpaka mji ukagawanyika. Hata leo arusi ikipita na tarumbeta, mguu wa mzee hauwezi kutulia. Basi kijana asiyevutiwa na gwaride lenyewe mpeleke bendi. Ila ajue kwamba hewa ya chumvi hula shaba: chombo kifutwe kila baada ya kupigwa, mate yamwagwe, na kile kipande cha mdomoni kioshwe, maana hupita midomo mingi.

Kwa anayesimama mstarini, adui mkubwa si mkufunzi anayefoka. Ni kuzimia. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, uwanja wa shule ni kikaango, na kila sherehe ya ufunguzi lazima mmoja aanguke mbele ya mgeni wa heshima. Watoto hufikiri ni udhaifu. Sababu ni kwamba ukisimama wima muda mrefu bila kutikisika, magoti yakiwa yamekazwa nyuma, damu hutuama miguuni, kwa kuwa misuli ya miguu ndiyo husaidia kuisukuma irudi moyoni. Joto huongeza tatizo, na tumbo tupu humaliza kazi. Kwa hiyo anywe maji kabla, asiruke uji wa asubuhi, na akisimama mguu sawa magoti yalegee kidogo, kiasi ambacho hakionekani. Ndani ya viatu achezeshe vidole na kukaza misuli ya mashavu ya miguu, kisha ailegeze. Hakuna mkufunzi anayeona ndani ya kiatu.

Akisikia masikio yanavuma, jasho limegeuka baridi na macho yanaingia giza, apige goti moja chini hapo hapo. Asijikaze. Anayejikaza huanguka kama mnazi, kidevu kikitangulia, na nimeona jino likiokotwa kwenye kokoto. Aliyeanguka alazwe kivulini chali, miguu iinuliwe, kola na mkanda vilegezwe. Msimzunguke kumi mkimpepea kwa kofia. Asipozinduka upesi, au akiwa mwili unawaka moto na anapayuka, hilo si la maji ya kunywa tena, ni la hospitali.

Viatu vinunuliwe vikiwa na nafasi ya soksi nene, na avivae nyumbani likizo nzima kabla ya kuvipigia gwaride.

Lakini nitofautishe gwaride na mateso. Kuambiwa "nyuma geuka" mara ishirini mpaka mgeuke pamoja ni mafunzo. Kurushwa kichurachura kuzunguka bweni usiku na kiranja kwa sababu hukumpa sukari si mafunzo ya aina yoyote, hata kiranja awe amevaa skafu ya skauti. Ile Sheria ya Elimu ya Msingi, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, ya mwili au ya akili. Katika shule moja niliyosaidia, viongozi wa skauti walikuwa wameligeuza zoezi la jioni kuwa mahakama yao. Tuliwavua vyeo, na wiki iliyofuata idadi ya waliojitokeza mazoezini iliongezeka. Mkubaliane na mwanao mapema atakayemwambia: mwalimu wa malezi, kasisi, au wewe siku ya kutembelewa. Na akikwambia, usimjibu kwamba hata wewe ulipitia hayo.

Akizoea, aingie Tuzo ya Rais, iliyoanza hapa nchini 1966. Ngazi ya shaba huanzia miaka 14, ya fedha 15, ya dhahabu 16. Kuna kujitolea, ujuzi, mazoezi ya mwili, na safari ya miguu yenye kulala nje: usiku mmoja kwa shaba, miwili kwa fedha, mitatu kwa dhahabu. Haya hayaendi haraka. Shaba pekee huchukua angalau miezi sita. Kazi yake ya kanisani inaweza kuhesabiwa kuwa ya kujitolea akiiandikia kumbukumbu na msimamizi akasaini, kwa hiyo anunue daftari mapema.

Swali la mwisho huwa la baba wa Likoni ambaye kila siku anaona wanamaji wakielekea kambi yao ya Mtongwe: vyeti vya skauti na vya Tuzo vitamwingiza Navy, yaani jeshi la majini? Havitamwingiza. Vitamsaidia kufika uwanjani akiwa anajua kusimama, kusikia amri na kukimbia bila kuzimia. Usajili wa jeshi ni bure, na yeyote anayekwambia ana nafasi ya kuuza kwa sababu mwanao alikuwa skauti, mripoti polisi hata kama ni jirani yako.